Gurudumu Lililokatwa Pichani

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na kwamba unalala mahali pasipovuja. Sisi hapa tu wazima. Mama bado yuko kule wanakofua mashuka ya hoteli. Dawa imembabua mikono, lakini anasema afadhali mikono kuliko mapafu, maana walio kwenye mashine za mvuke wanakohoa kutwa. Bibi siku hizi anasikia kwa sikio moja tu, na sikio hilo hufanya kazi pale anapotajwa kwa mema. Mimi nimekuwa wa pili darasani. Wa kwanza ni yule yule.

Sasa nisikilize, na usicheke mpaka umalize kusoma.

Kuna ujumbe unapita kwenye simu za watu. Unasema wapo wanaoiba watoto na kuwatoa figo, kwamba wanajifanya wachuuzi wa kupita mitaani, na kwamba polisi wamehongwa, hivyo kila mzazi ajilinde mwenyewe. Mwishoni umeandikwa: "Watumie unaowapenda." Jumatano mwanamume mmoja alisimama karibu na mashine ya kusaga akamwuliza mtoto njia ya kwenda kituo cha basi. Mtu akapiga kelele. Nilikuwa kwenye foleni na debe langu, nikaona yote. Walimpiga kwa matofali na mipini ya majembe. Alikuwa akitaja jina la dada yake anayeishi mtaa wa nyuma, akilirudia na kulirudia, na hakuna aliyekwenda kumwita. Halafu wakamvisha tairi. Nilimsikia mpaka sauti yake ilipoacha kuwa ya mtu. Dada yake alikuwa anaanika nguo; alifika na shuka bichi mkononi, akamfunika nalo, na hata lile shuka lilishika moto.

Nakuandikia hayo ili ujue kwamba sikuletei mambo ya kusikia.

Jana ujumbe ule umekuja tena, safari hii na picha; nimeonyeshwa na jirani. Picha ni yako.

Ni ile niliyokupiga kwa simu ya Mama wakati wa likizo, kwa ajili ya zoezi la shule kuhusu kazi za watu wa ukoo wetu. Umeinua kile kisu kirefu cha muuza nyama hadi usawa wa jicho, umefumba jicho moja, unakagua makali. Nyuma yako watoto wa jirani wameziba masikio na kukunja nyuso kwa sababu jiwe lako lilikuwa linapiga kelele. Mwalimu aliipenda akaiweka kwenye kundi la simu la wazazi. Baada ya hapo sijui ilikopitia. Mtu ameikata upande wa kushoto, na upande wa kushoto ndiko lilikokuwa gurudumu lako la kunolea, lile la kwenye baiskeli. Bila gurudumu, Mjomba, wewe ni mtu mwenye kisu na watoto wanaolia.

Mwalimu wetu wa historia anatufundisha kwamba ukiletewa habari, utafute ile ya kwanza, kabla haijashikwashikwa. Nimefanya hivyo. Nimechapisha picha nzima, gurudumu likiwemo, iko ndani ya bahasha hii. Itie mfukoni. Mtu akikushuku, mwonyeshe. Bora zaidi usitoke kabisa mpaka jambo hili lipoe.

Ungekuwa na simu tungekupigia leo leo. Lakini ulisema kila ikilia unajikata kidole. Kwa hiyo nampa barua dereva wa lori la saruji anayeshusha mzigo kwenye lile duka la vifaa vya ujenzi unapochukulia barua zako.

Mpwa wako anayekuombea.


11 Machi

Mpwa wangu Mwalimu,

Marahaba. Barua nimeipata kwa mwenye duka, naye alikuwa ameshaisoma. Anasema gundi ya bahasha ilikuwa dhaifu. Amekupa alama nzuri za mwandiko. Mwambie dada yangu apake mafuta mikononi, na mwambie Bibi nimemsifia sana, aone kama atasikia.

Nimesikitika kwa yule mtu wa kwenye mashine. Hukupaswa kuona mambo kama hayo. Usiende tena kusaga peke yako.

Kuhusu mimi, sikucheka mpaka nilipomaliza, kama ulivyoagiza. Halafu nikacheka. Mji huu unanijua. Nimenoa visu vya nusu ya jikoni zake na vyote vimeishia kwenye vitunguu. Watoto wananikimbilia wanione natoa cheche, ndiyo maana wananiita Cheche, wala hakuna aliyewahi kupotea ila mbuzi mmoja, na huyo alirudi mwenyewe.

Kukaa ndani siwezi. Mkono wa mnoaji ukilala unasahau. Wiki hii namaliza upande wa soko, kisha nitavuka reli niende kwenye mitaa mipya, ambako bado sijawahi kupita. Wanasema kule kuna migahawa mingi na visu vyao havikati hata ndizi.

Picha nimeitia mfuko wa shati. Nilikuwa sijui nimezeeka hivyo.

Mjomba wako.


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu uniambie utavuka reli. Huenda zile mbili ziko kwa mwenye duka, anazisoma polepole.

Namba ya dukani niliyoipata kwa dereva wa lori haipatikani. Yeye nilimwuliza kama amekuona. Alisema hajakuona, akasema hivyo akiangalia matairi yake.

Bibi anauliza habari zako kila asubuhi na nimeishiwa na majibu. Mama anarudi kazini, anazima simu, anaketi. Nikitaja ule ujumbe anainuka kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Niandikie hata neno moja. Andika "nipo".

Mpwa wako.


18 Aprili

Mpwa wangu,

Nipo.

Usishtuke kwa mwandiko huu. Ni wa jirani yangu wa kitandani hapa hospitali, fundi wa kupaka rangi, aliyeanguka kutoka kwenye ngazi. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa sababu mkono wangu wa kulia umepumzika kidogo. (Umevunjwavunjwa kwa nondo. Ni mimi, mpaka rangi.)

Kulitokea kutoelewana ng'ambo ya reli. Watu walinidhania mwingine, nikaanguka. (Aliangushwa.) Madaktari ni wazuri na chakula si kibaya. (Chakula ni kibaya.) Nimemwambia huyu bwana afute anayoyaongeza, anasema kalamu haina kifutio.

Picha yako kwa bahati mbaya imechanika. Usijali kuhusu hilo, na usitume nyingine.

Mwambie dada nitarudi nikipata nafuu. Sasa nimechoka.

Mjomba wako.

Binti, amelala. Nafasi iliyobaki kwenye karatasi ni yangu. Hapendi ujue haya, lakini mimi nina binti wa umri wako, na najua atakuwa ameshabuni mabaya zaidi. Nayaandika kama alivyoyasema siku za kwanza, homa ilipokuwa inamlazimisha aseme kweli.

Alikuwa anamnolea kisu mama mmoja mpishi, mbele ya mgahawa wake. Mtu akapita, akamtazama, akatazama simu, akamtazama tena. Akasema, "Ndiye huyu." Hakupaza hata sauti. Watu walitoka kwenye milango kama maji. Gurudumu likapinduliwa. Fundi wa magari akampiga spana ya sikio. Mjomba wako akapiga magoti, akatoa ile picha uliyompa, akawa anasema, "Tazameni gurudumu, tazameni gurudumu." Yule mwenye simu akaichukua, akailinganisha na ya kwenye simu, akaiinua juu wote waione: "Ni yeye. Anatembea nayo mpaka mfukoni."

Hadi hapo walikuwa wanampiga mtu wanayemshuku. Kuanzia hapo walimpiga mtu wanayemjua. Waliulaza mkono wake juu ya jiwe lake mwenyewe la kunolea wakaushushia nondo, asishike kisu tena. Walimkanyaga mbavu. Mmoja akaenda kutafuta petroli.

Ndipo yule mpishi akatoka, na kile kisu mkononi. Akasimama akiwa amemweka mjomba wako katikati ya miguu yake, akauliza, "Mtoto wa nani?"

Wakamwambia aondoke.

"Naondoka. Aliyeibiwa mtoto apite mbele hapa, amtaje mwanawe, nami nitakishika hiki kisu pamoja naye. Mtoto wa nani?"

"Wa mtaa wa juu," mmoja akasema.

"Mtaa wa juu, nani?"

"Nimeambiwa tu."

"Na nani?"

Yule akamtazama mwenzake. Mwenzake akatazama chini. Fundi wa magari akajaribu kumvuta mpishi. Akachanwa mkono kuanzia kiwiko. Akalia, "Huyu mama, kisu chake kina makali!"

"Kimenolewa na huyu mnayemuua," mpishi akasema. "Mtoto wa nani?"

Walianza kuondoka mmoja mmoja, wa nyuma kwanza. Aliyekwenda kutafuta petroli alirudi na dumu lake akakuta mtaa mtupu, mpishi na mtu aliyelala. Akaliweka chini taratibu, kana kwamba alikuwa ametumwa dukani.

Ni hayo. Anapona. Analalamika sana, ambayo ni dalili nzuri.


29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo pia kwa mpaka rangi. Mwambie nimesoma maneno yake uani peke yangu. Bibi nimemwambia ulianguka, kama ulivyotaka. Alinitazama na kusema, "Wanaume wa ukoo huu hawaangukagi hovyo," akaingia ndani.

Nimekaa siku kadhaa kabla ya kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, sentensi ya kwanza ilikuwa juu ya picha. Nilifuata nilivyofundishwa. Niliamini mtu akionyeshwa kitu kizima ataacha kushika kipande. Lakini wale hawakuja kutazama picha. Jibu walikuwa nalo tangu mlangoni, walikuwa wanatafuta uso wa kulibandika. Mimi nikakupa karatasi uwasaidie.

Nilimpelekea mwalimu wa historia jambo hili, bila kutaja jina lako. Alisema, "Nimewafundisha kutafuta habari ya kwanza. Sikuwafundisha kwamba wakati nondo imeinuliwa hakuna anayesoma." Akasema swali la yule mpishi ni bora kuliko somo lake, kwa sababu haliwaombi watu waamini kitu kipya. Linawaomba waonyeshe walicho nacho, na hawana kitu.

Basi nimelichukua swali lile nikaanza kurudi nyuma. Kila aliyekuwa na ujumbe nilimwuliza: ulitumiwa na nani, na mtoto ni wa nani? Muuza nyanya alitumiwa na fundi cherehani. Fundi cherehani alinizaba kibao kwanza, kisha akalia, kisha akasema alitumiwa na mke wa kinyozi. Nilipofika kwenye mashine ya kusaga, yule aliyeleta tairi siku ile alinikamata shingoni akanibana ukutani. "Unatetea wezi wa watoto?" Nikamwuliza, "Mtoto wa nani?" Akanigonga kichwa ukutani, na mdomo wangu ukapasuka. Lakini hakujibu. Alirudia kunigonga badala ya kujibu, nami nikawa nafikiri, damu ikiwa mdomoni: hana jibu, huyu ameua mtu na hana jibu.

Jambo moja limenishangaza kuliko kibao. Karibu kila niliyemwuliza aliniambia hakuuamini sana. Aliutuma kwa hofu tu, isije ikawa kweli. Kwa hiyo umepita mikono yote ile, na hakuna mkono hata mmoja ulioubeba kwa kuuamini.

Nimefuata mpaka mlango mmoja, nikaacha. Aliyeikata picha sijampata, na sidhani nitampata. Tafadhali usiniulize mlango ni upi.

Mpwa wako.


15 Mei

Mpwa wangu,

Hii ni kazi ya mkono wangu wa kushoto. Kama inaonekana kuku amepita juu ya karatasi, jua kuku huyo ametoka jasho.

Tumalize jambo la picha. Picha haikunipiga. Wewe ulinionya, uliniagiza nikae ndani, na mimi nikavuka reli nikicheka. Ukitaka kugawa lawama, leta kubwa huku, uwape wenye nondo iliyobaki, na wewe uende shule. Na ukimkaribia tena yule wa mashine ya kusaga nitakuja na mkono mmoja nikuchape mwenyewe.

Nimetoka hospitali. Mpaka rangi alilia nilipoaga, akasema ni vumbi la rangi. Nakaa nyuma ya mgahawa wa yule mpishi. Anaogopesha. Juzi mteja alilalamika supu ina chumvi, mama akamtazama tu, mteja akaomba bakuli la pili. Gurudumu limenyooshwa na fundi, linazunguka vizuri. Vidole viwili vya kulia havikunji tena, lakini nimejifunza kulaza kisu kwa kiganja na kukiongoza kwa kushoto. Ananipa visu vyake vya mgahawa. Vinakata.

Tatizo si mkono. Mnoaji asiyenadi ni mtu anayesukuma baiskeli tu. Nimetoka asubuhi kadhaa. Nafika pembe ya mtaa, najaza kifua, mdomo unafunguka, na hakuna kinachotoka. Namwona yule wa simu akinitazama, hata asipokuwepo. Napita kimya kimya kama mwizi kweli, narudi ndani. Kama sauti haitarudi, mpwa wangu, kazi yangu imekwisha, na mimi sina kazi nyingine. Wanaume wa umri wangu wasio na kazi wanajua wanakoishia.

Sasa umesema nisiulize, nami nauliza. Ni mlango gani? Kama ninaufahamu, niambie nijue nisiupite.

Na mbona dada yangu haniandikii hata salamu?


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Bibi ameambiwa ukweli wote sasa. Alisema alishaujua, kwa sababu sikio lile lisilosikia linasikia uani.

Jumamosi walimkamata mzee anayekusanya vyuma chakavu. Alikuwa amempa mtoto kifuniko cha chupa achezee, basi. Nilikuwa natoka kisimani na Mama. Tulipofika, jiwe la kwanza lilishampata mdomoni na alikuwa anaokota meno yake kama mtu aliyedondosha vifungo. Niliuliza, "Mtoto wa nani?" Sauti yangu ikapotea katika kelele zao. Mtu akanisukuma nikaanguka na ndoo yangu. Nikauliza tena nikiwa chini.

Kisha nikasikia Mama akiuliza. Unaijua sauti yake ya kazini, ile inayoshinda mashine. Aliuliza mpaka mwenye mtoto akatoka kweli, mwanamke kijana, amembeba mwanawe kiunoni na kifuniko kikiwa mdomoni mwa mtoto, akasema, "Ni wangu, na yupo hapa, mnampigia nini babu wa watu?" Yule wa mashine ya kusaga alikuwa ameinua tofali. Mama alisimama mbele yake. Yule mtu akalitupa tofali pembeni, likavunja ndoo yetu. Mzee alikwenda kwake kwa miguu yake mwenyewe.

Tulirudi nyumbani bila maji. Mama akaketi jikoni, akawasha simu, akafungua ile picha. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama, Mjomba. Sitaandika nilichoona usoni mwake.

Anakuja kwako. Kazini wamemnyima ruhusa na anakuja hivyo hivyo. Swali lako atakujibu yeye. Nakuomba jambo moja tu: msikilize mpaka mwisho, kama ulivyosoma barua yangu ya kwanza mpaka mwisho kabla ya kucheka.

Mpwa wako.


24 Juni

Mpwa wangu,

Dada yangu amefika. Hakutaka kuketi. Alisema yote akiwa amesimama mlangoni, mkoba begani.

Alisema hafungui picha kwenye simu, zinamaliza bando. Alisoma maneno tu, akakufikiria wewe ukitoka shule peke yako, akaogopa, akawatumia wote anaowapenda. Mmoja wao ni rafiki yake wa zamani anayeishi huku, ng'ambo ya reli. Ujumbe ulifika mtaa ule kabla yangu.

Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu uliniomba. Baada ya mwisho ahadi yangu ilikuwa imekwisha. Nilijikuta nimesimama na tupa ya chuma mkononi, wala sikumbuki nilivyoiokota. Yeye aliiona. Hakurudi nyuma, hakulia, alikuwa ananitazama tu na ile mikono yake iliyobabuka ikiwa imening'inia. Nikafikiri: hivi ndivyo wale walivyokuwa. Walikuwa watu walioogopa, na kitu kikawa mkononi. Mpishi akapiga kelele kutoka jikoni kwamba kama tunataka kuuana tutoke nje, ameshadeki. Nikaiweka tupa chini.

Sijamsamehe. Usiniharakishe kwa hilo. Lakini asubuhi alifungua mkoba wake, na ndani yake, vimefungwa kwenye taulo la hoteli, kulikuwa na visu vyote vya jikoni kwenu. Anasema tangu nipigwe hataki mtu mwingine avinoe, na Bibi anakata vitunguu kwa matusi.

Nilivinoa. Kisha akashika usukani wa baiskeli bila kuniuliza, akaanza kuisukuma kwenda mtaani, nami ningefanya nini, nikafuata gurudumu langu. Alipita mtaa ule ule. Akasimama pale pale. Mawe ya barabarani bado yana doa.

Nikajaza kifua.

"Visu! Mikasi! Mapanga!"

Ilitoka kama sauti ya jogoo anayejifunza, lakini ilitoka. Mlango mmoja ukafunguka, akatoka mwanamume na panga mkononi, anakuja moja kwa moja kwangu, haraka. Dada akaachia usukani akasimama mbele yangu. Nikamsogeza pembeni kwa huu mkono uliovunjika.

Nikatazama panga kabla ya kumtazama mwenyewe.

Lilikuwa butu.

Mjomba wako,
Cheche.